Haji, Barabara ya Bandarini Imetulia

Mume wangu Haji,

Asubuhi ya leo nilipita Darajani kwa miguu, nikasimama mbele ya lile duka la vitambaa ambalo kibaraza chake tulikigeuza ofisi. Mwenye duka alinitambua. Alinitolea kiti, kisha kwa mazoea akatoa na cha pili akakiweka ubavuni mwangu, na hapo ndipo alipokumbuka. Aliona haya, akataka kukirudisha ndani. Nilimwambia akiache. Nikakaa pale, kiti chako kitupu pembeni yangu, nikawatazama watu wanavyopita bila ya kusukumana na magari, na hamu yako ikanishika mpaka nikashindwa kuinuka.

Nimeamua kukuandikia wazi, mbele za watu. Tangu ututoke, wanafunzi wetu, madereva, jamaa, hata watu nisiowajua huniuliza habari za ile kazi na huniuliza habari zako, na kila mmoja namjibu nusu tu. Leo nnasema na wewe moja kwa moja. Wao wakitaka, na wasikilize.

Nilikuwa mgeni chuoni tulipokutana. Mwalimu msaidizi wa takwimu, msichana wa Makunduchi anayekaa kwa shangazi yake Kikwajuni, hajui hata chai ya walimu inanywewa wapi. Wewe ulikuwa unafundisha mambo ya usafirishaji, na chuo kilikuwa kimekupa ruhusa ya kufanya utafiti: kwa nini mizigo inayoshuka bandarini Malindi inachelewa kufika madukani na mashambani, na kwa nini kila asubuhi barabara ya kutokea bandarini inajifunga, malori yamepangana mpaka milangoni pa skuli. Ulihitaji mtu wa hesabu. Mkuu wa idara akanitaja mimi. Ulikuja ukasimama mlangoni, hukuniuliza shahada wala uzoefu. Uliniuliza kama naweza kuvumilia jua.

Jua niliweza. Nilichoshindwa ni maneno yako. Tulikuwa tukae pale kibarazani tuandike kila gari la mzigo linalopita, limepita saa ngapi na linaelekea wapi. Lakini wewe hukuweza kuliona lori ukamwacha dereva wake hivi hivi. Huyu utamwuliza mama yake anaendeleaje na miguu, yule utamwuliza kama mtoto keshapona surua. Umewapa mgongo wengine wote, wanapita, na mimi kalamu inanikimbia peke yangu.

"Bwana Haji," nilikwambia siku moja, "unahesabu au unapiga soga?"

"Nnahesabu watu, Bi Salma. Magari nimekuachia weye."

Nilikuona mtu usiye na dhamana na kazi yako. Jioni nikamlalamikia shangazi, naye akacheka tu, akanitazama kama mtu anayejua jambo ambalo mimi sijaambiwa.

Katika soga zile ndimo alimokuja Makame. Yule dereva mrefu wa lori la saruji, aliyekuwa akija bandarini kabla ya adhana ya alfajiri na mzigo wake hautoki mpaka mchana. Ulimwuliza kwa nini hajipumzishi nyumbani. Alikujibu kwamba akilala, mwenziwe atampita. Ukamwuliza mwenziwe, naye akakujibu vile vile, ila aliyemwogopa yeye ni Makame. Wote walikuwa wanakimbiana, na wote wakajikuta wamekwama pahala pamoja. Hapakuwa na mkosaji. Hakuna aliyejua mzigo wake utakuwa tayari saa ngapi, basi kila mtu alikuja mapema kwa hofu.

Wewe ulilichukulia kama kisa cha watu. Mimi nikaliona kwenye takwimu. Nilizipanga hesabu zetu zote, nikaona kwamba malori ya siku nzima wala hayakuwa mengi kwa barabara ile. Yangekuja kidogo kidogo yangepita bila ya mtu kupiga honi. Nilikuja kwako nimejaa furaha, na tukagombana. Ulikuwa umeshaandika rasimu kwamba mji unahitaji njia mpya ya mizigo, na njia mpya ndiyo ndoto yako ya miaka. Mimi nikakwambia barabara iliyopo inatosha, kinachokosekana ni watu kuambiwa waje lini. Ulisema takwimu zangu haziujui mji huu. Mimi nikasema mji huu huujui peke yako. Tukaacha kusemezana. Tulikaa kibaraza kimoja kama abiria wasiojuana, mimi upande huu na wewe upande ule, na muuza kahawa akawa anatuletea vikombe kwa zamu bila ya kuuliza kitu.

Kisha ukaja Kikwajuni. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, umevaa kanzu, na nilipokuona mlangoni kwa shangazi nilidhani umekuja kunishtaki. Ulikataa kukaa.

"Nimetafuta kosa lako kila pahala," ulisema, "sikulipata. Umesema kweli. Sasa nimekuja kukuuliza jambo jengine. Nitume wazee Makunduchi, au ukali wako haujesha?"

Aliyejibu ni shangazi, kutoka jikoni, kwamba wazee waje na wasichelewe. Mpaka leo sijapata kusikia mwanamme akiomba posa na kukubali kushindwa kwa pumzi moja, na mpaka leo nikilikumbuka natabasamu peke yangu, kisha tabasamu linageuka.

Makame ndiye aliyebeba viti vya harusi kwa lori lake, unakumbuka? Alilifuta vumbi la saruji, lakini halikwisha, na nusu ya wageni wakaondoka Makunduchi na weupe kwenye nguo zao. Ukapanga nyumba kwenye yale majumba ya Kikwajuni, ghorofa ya juu, ili dirisha lione barabara. Wake wengine wanalalamika kwamba waume zao wanatazama mpira. Mimi wangu akitazama magari. Ukinipeleka bustanini Forodhani kula bakuli la urojo, wa kwako unapoa mkononi huku unanionesha kwa nini yule muuzaji wa pembeni anawahudumia watu upesi kuliko mwenziwe. Nilikwambia tumekuja kustarehe. Ulisema umestarehe sana, hujapata kustarehe hivyo. Na nikisema na mama yangu kwa simu, kwa lahaja yetu ya kwetu Makunduchi, wewe ulikuwa unakaa karibu unatikisa kichwa kama unafahamu kila neno, kisha nikikata simu unaniuliza: "Kwani kasema nini?"

Mungu hakutujaalia mtoto. Watu walikuwa wakisema mengi. Wewe hukusema hata moja, na kwa hilo nakushukuru kuliko kwa yote.

Utafiti ulipokwisha ndipo kazi ilipoanza. Tuliandika mapendekezo mepesi: mwenye mzigo na dereva wake wapate ujumbe wa simu mzigo unapokuwa tayari, malori yasubiri kwenye uwanja nje ya mji na yaingie kwa zamu, na wakati watoto wanaingia na kutoka skuli lori lisiwepo barabarani. Wakubwa walitusikiliza, wakasema wako tayari kutupa nafasi ya majaribio, ila madereva wakubali kwanza. Na madereva walikataa. Nakumbuka ule mkutano uwanjani, joto, watu wamesimama kwenye vivuli vya malori yao. Makame, rafiki yetu wa viti vya harusi, ndiye aliyesema kwa niaba ya wenziwe.

"Mwalimu, mie nakuheshimu," alikwambia. "Lakini mshahara wako unaingia hata ukilala. Mie ujumbe usipofika, watoto wangu wanakula nini?"

Nilikuwa na majibu tayari, na namba. Wewe ulinishika mkono kidogo nisiinuke. Ulimjibu kwamba ana haki ya kuogopa, na kwamba huna dhamana ya kumpa isipokuwa utakuwepo pale kila asubuhi ya majaribio, na jambo likiharibika aje akuseme wewe, usoni. Walijadiliana muda mrefu. Mwisho wakakubali kujaribu.

Ahadi ile hukuweza kuitimiza, na haikuwa hiari yako. Miguu ilikuwa inavimba tangu Ramadhani, ukisema ni kusimama sana. Daktari alisema ni figo. Wiki chache kabla ya majaribio, ndugu yako Khamis akakuchukua kwa boti kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Nilifunga begi langu pamoja na lako. Uliliona pale mlangoni, ukakaa juu ya kitanda, ukaniita.

"Salma, weye ubaki."

Nilikwambia sibaki. Nilikwambia barabara ilikuwepo kabla yetu na itakuwepo baada yetu. Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha ulisema kwamba tukiiacha sasa haitofanywa tena, kwamba umewaahidi watu kuna mtu atasimama pale, na mtu huyo sasa ni mimi. Ulisema Khamis atakuuguza, lakini kazi ile Khamis haiwezi. Nilikubali kwa machozi. Nilikuwa nikija kila mwisho wa wiki kwa boti, nakukuta umepungua, na kabla hata sijavua baibui unaniuliza madereva wanasemaje.

Watu wengine wamenilaumu kwa kubaki kwangu, Haji. Nimesikia. Wanasema mke mahali pake ni kitandani kwa mumewe. Labda wangelijua jinsi ulivyonitazama siku ile wasingesema. Sijuti. Nilichonacho ni hamu tu, na nimegundua kwamba hamu haihitaji kosa lolote ili ikuchome.

Siku ya kwanza ya majaribio mvua ilinyesha. Ujumbe kwa wengine ulichelewa, kwa wengine haukufika kabisa, na malori yakaja yote kwa pamoja kama zamani, tena kwa hasira. Makame alinijia nimelowa, nikasimama aniseme. Alinitazama, akaniuliza wewe unaendeleaje. Nilimwambia ukweli, kwamba huendelei vizuri. Akaondoka, hakunisema. Siku ya pili ilikuwa vile vile, na askari wa barabarani akaniambia kwa upole kwamba jambo hili labda ni la nchi nyengine. Nilirudi Kikwajuni nikakupigia, nikakueleza kila kitu bila ya kuficha. Ulicheka, ukakohoa, ukaniambia niwaulize wao wenyewe wangelifanyaje.

Nikawauliza. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Madereva walisema ujumbe utoke na pia upitie kwa mtu wao pale uwanjani, asimame na kipaza sauti amwite kila mmoja kwa jina, kwa sababu jina lako ukilisikia huna wasiwasi tena kwamba umesahauliwa. Mimi nilirekebisha ratiba ya ujumbe, wao wakamchagua Makame kuwa mwitaji. Tukaanza tena.

Asubuhi ile sikuiamini. Nilisimama pale kibarazani nikingoja kelele, kelele hazikuja. Lori moja likapita, likaenda zake. Baada ya muda jengine. Nilikupigia simu, Khamis akakuwekea sikioni, nami nikainua simu yangu kuelekea barabarani.

Kisha nikasikia sauti yako ndogo: "Mbona siskii kitu? Umekata?"

"Sijakata. Ndiyo barabara yenyewe hiyo."

Nilikusikia unavuta pumzi. Ulisema "Subhanallah," taratibu, kama mtu aliyeoneshwa mtoto wake. Nikadhani utaniuliza namba, mangapi yamepita, mangapi yamebaki. Hukuuliza. Ulisema, "Iache hivyo hivyo kidogo." Basi niliinua mkono mpaka ukaniuma, nawe ukasikiliza kengele za baskeli, watoto wa skuli wakivuka wanagombania kalamu, na vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Ulikuwa unacheka au unalia, sikuweza kujua.

Ulifariki kabla mwisho wa wiki haujafika. Tiketi ya boti nilikuwa nayo.

Nilikaa ndani na wanawake wenzangu nikikungoja urudi. Khamis ndiye aliyenihadithia baadaye. Alisema ulipotelemshwa pale bandarini, mchana wa siku ya kazi, saa ambayo zamani hata baskeli isingepenya, aliiona barabara tupu, nyeupe, mbele yake mpaka mwisho. Hakuna aliyetoa amri. Makame alisimama uwanjani na kile kipaza sauti chake, na siku ile hakuita jina la mtu. Malori yote yalibaki kule nje ya mji, injini zimezimwa, na madereva wakaja kwa miguu kukupokea. Walibeba jeneza lako kwa kupokezana bega, kutoka Malindi mpaka Kikwajuni, na Khamis anasema hakupata nafasi ya kulibeba yeye mwenyewe ila mwisho. Hukungoja pahala. Mimi nilisikia dhikri inakuja kutoka mbali, nikajua ni wewe, na nikashangaa jinsi unavyofika upesi. Nilitamani siku ile tu, mara moja tu, njia ingejifunga.

Nimemaliza eda, nimerudi kazini. Wakubwa wameamua utaratibu ule uendelee, na chuo kimeniomba niongoze awamu ya pili, ya mizigo ya kusini: magunia ya mwani na mazao ya mashamba yanayokaa kando ya barabara yakingoja gari la kuja mjini. Nitapita kwetu Makunduchi kwa kazi, na mama yangu anaulizia kila siku. Usidhani kila kitu ni asali. Siku nyengine mtandao unaanguka, siku nyengine mtu anapenyeza lori lake kwa nguvu na wenziwe wanamfokea. Lakini watoto wanaingia skuli kwa amani, na Makame anasema mkewe sasa anamlalamikia kwamba yuko nyumbani kupita kiasi.

Na mimi pia narudi nyumbani mapema. Hilo hatukuliweka katika mapendekezo yetu, Haji. Naingia ndani na jua bado liko juu, chumba kinang'ara, dirisha lako liko wazi, na sijui niufanyie nini muda wote huo. Tuliwatafutia watu muda kwa miaka. Wangu nimepewa, na wa kuutumia naye hayupo. Kuna siku nakaa kituoni makusudi, naziacha gari zipite, nipate kuchelewa.

Nilikuwa katika hali hiyo siku mama yako aliponipigia kutoka Mpendae. Tangu msiba tulikuwa tukisalimiana kwa heshima tu, kila mmoja akimwogopa mwenziwe asije akamliza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula.

"Nshakula, mama."

"Na nani?"

Akasema kesho yake nikitoka kazini niende kwake. Nilikwenda. Nikaenda na siku ya pili, na sasa nakwenda karibu kila siku. Namenya ndizi, yeye anakuna nazi, redio inasema, na wewe hatukutaji. Kanga zake zinanukia udi ule ule wa shati zako, nami hutafuta sababu ya kupita karibu naye.

Juzi ndipo kwa mara ya kwanza alipolitaja jina lako yeye mwenyewe. Tulikuwa tumekaa ukumbini, chakula kiko mbele yetu, mchuzi wa samaki na wali. Alisema ulikuwa ukimweleza ile kazi yetu mpaka akili inamchoka, mara takwimu, mara zamu, mara uwanja, na yeye akiitikia tu ili ule ushibe.

"Sasa niambie weye," alisema. "Weye na Haji mlikuwa mnataka nini hasa?"

Nilifikiri sana. Ningeweza kumpa somo zima. Nikasema, "Tulitaka watu wafike, mama."

Alinipakulia wali, akachagua kile kipande cha samaki ulichokuwa ukikipenda, akakiweka kwenye sahani yangu, akaisogeza mbele yangu.

"Haya," alisema. "Umefika. Kula."

Nikala, Haji. Nilikula mpaka nikashiba, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, na yeye alikaa ananitazama mpaka punje ya mwisho.

Pumzika, mume wangu. Mola akupanulie kaburi lako na alijaze nuru. Mie nipo njiani bado, nnakwenda taratibu, na jioni hii mama yako ananingoja Mpendae.

Mkeo akupendaye,
Salma